Ikisiri Imepita, Mwenyewe Asubiri

Mtafiti wa hospitali ya Mulago, Kampala, anayetamani kongamano la ng'ambo huanza kwa kunyoa maneno. Miaka ya kufuatilia wagonjwa lazima itoshe katika ikisiri ya maneno kama 300: utangulizi, mbinu, matokeo, hitimisho. Saa tano usiku bado anabishana na "hata hivyo", maana likiondoka anaokoa maneno mawili. Majina ya waandishi kwa kawaida hayahesabiwi, ndiyo maana orodha hurefuka, na mkubwa ambaye hajagusa hata fomu moja ya ridhaa hukaa mwisho, kiti cha heshima.

Kisha barua pepe inaingia: imekubaliwa! Lakini kama bango, si kwa kuzungumza jukwaani.

Hapo mtihani wenyewe, wa viza, ndio unaanza, na wasahihishaji wake hawana shida na takwimu. Wanataka taarifa za benki, barua ya mwajiri, na uthibitisho kwamba mtu mwenye kazi, watoto na kiwanja Kampala atarudi Kampala.

Mwaka 2022 mkutano wa kimataifa wa UKIMWI ulifanyika Montreal, na wajumbe wengi wa Afrika wakakosa viza za Kanada. Winnie Byanyima, Mganda anayeongoza UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI, alieleza kuwa nusura azuiwe kupanda ndege Geneva. Karatasi zake zikakaguliwa tena na tena. Ikiwa bosi wa shirika kama hilo anapanda wa mwisho, daktari kijana wa mtaa wa Wandegeya, Kampala, na bango lake kwapani atarajie nini?

Lakini Desemba 1995 mkutano wa Afrika kuhusu ugonjwa huohuo ulikuwa Kampala. Mtafiti wa Mulago angeufikia kwa bodaboda, bila viza.