Jinsi ya Kuwagombanisha Leksa na Pasa

Umeamua kuandika kompaila ya C. Hongera. Kazi ni ya watu wawili: Leksa, anayesoma herufi na kuzikata kuwa tokeni, na Pasa, anayezipanga tokeni hizo kisarufi. Mkataba wao ni ule wa Lex na Yacc, zana za Bell Labs zilizoelezwa kwenye ripoti za mwaka 1975 (Lex ni ya Mike Lesk na Eric Schmidt, Schmidt huyohuyo aliyekuja kuiongoza Google). Pasa akitaka tokeni anaita yylex(). Leksa anarudisha namba ya aina yake, na thamani anaiacha kwenye yylval. Sifuri ni mwisho wa faili. Leksa haulizi kitu. Apa kwamba mkataba huu hautavunjwa.

Kisha wape mstari huu: T * x;

Kama T ni kigeu, hapo ni kuzidisha. Kama T ilitangazwa kwa typedef, hapo x inatangazwa kuwa kielekezi. Herufi ni zilezile. Leksa atakodoa macho mpaka kesho, maana jibu analo Pasa kwenye jedwali la majina.

Basi mruhusu Leksa achungulie jedwali kimyakimya: jina likiwa la aina, arudishe TYPE_NAME, la sivyo, IDENTIFIER. Ukiulizwa, sema moduli zako hazitegemeani.

Sasa utamu wenyewe. Pasa wa Yacc mara nyingi huchukua tokeni moja ya mbele kabla ya kuamua. Kwa hiyo chelewa kusajili majina. Kwenye typedef int T; T x; hakikisha Leksa ameshaisoma T ya pili na kuiita IDENTIFIER, ilhali Pasa ndiyo kwanza anaiandika ya kwanza. Mtumiaji ataambiwa ana kosa la sintaksia kwenye mstari usio na kosa. Wapo wanaosajili jina mara tu linapotajwa, hata nukta mkato haijafika. Hao hawajui raha ya kukesha. Usisahau pia kusahau mabano: mtu akitangaza int T ndani ya bloku, bloku ikafungwa, iache T iendelee kuwa kigeu hadi mwisho wa faili.

Waandishi wa kompaila ya Clang wamekata mzizi wa fitina. Kwao Leksa hurudisha jina kama jina, maana yake anaitafuta Pasa. Waache.

Ukihamia C++, utakuta Leksa anapenda tonge kubwa: >> huimeza yote kama alama ya kusogeza biti, hata pale mwandishi alipokuwa anafunga vector<vector<int>>. Usimsumbue. Mwagize mwandishi aache nafasi kati ya alama hizo mbili. C++ iliwaagiza hivyo walimwengu hadi C++11, nao wakaacha.