Nyuzi 85 chini ya sinki

Nimekulia Mbagala, mahali ambapo ukisikia koki inapiga miluzi usiku wa manane unaruka kitandani na ndoo mbili. Kwa hiyo jirani yangu hapa Minneapolis aliponishauri niache koki ya jikoni ikidondoka usiku kucha ili maji yasigande, nilimtazama kama mtu aliyenitukania mama. Maji yadondoke? Kwa makusudi?

Hoja anayo, nakubali. Maji yakiganda hutanuka kwa kama asilimia 9, bomba linaelemewa na kupasuka, halafu barafu ikiyeyuka jikoni panageuka Msimbazi ya masika. Sinki letu limeegemea ukuta wa nje, na Januari ya huku nyuzi 25 chini ya sifuri hazimshtui mtu. Lakini kumwaga maji, hapana. Nikasema nitaunda mtambo.

Kwa maneno ulikuwa mwepesi: kihisi joto kinafungwa kwenye bomba, kibao cha Arduino kinakisoma, rilei inawasha waya wa kupasha joto bomba likishuka hadi nyuzi 3 na kuuzima likifika 7. Wikendi tatu zilikwenda. Mke wangu akawa anapika huku akiruka miguu yangu iliyotokeza kabatini.

“Baba Zawadi, hivi vitu si vinauzwa vimeshaundwa?”

Vinauzwa. Tena kwa bei ya chini kuliko nilichotumia kununua waya peke yake. Hilo sikumwambia.

Usiku wa baridi kali ukaja, nikalala kifua mbele. Asubuhi nafungua koki: ikakohoa mara moja, basi. Nachungulia kioo cha mtambo: nyuzi 85. Themanini na tano! Hata Mbagala mwezi wa pili, ndani ya daladala, hatujafika huko. Kumbe kihisi hiki, DS18B20, kikiwashwa na kusomwa kabla hakijamaliza kupima hukutajia 85, namba ya kuamkia. Nami waya wake wa umeme nilikuwa nimeulehemu ovyo: unagusa, unaachia, chenyewe kinazima na kuwaka, na kila kikiamka ni 85. Mtambo mtiifu ukaona bomba linachemka, ukazima joto. Waya wa data ungekatika kabisa, programu yangu ingesoma -127 na kupasha joto mchana kutwa. Uongo mdogo haupo kabisa kwa vihisi hivi.

Mke wangu hakusema neno, na hilo ndilo liliniuma. Akaachia milango ya kabati wazi joto la nyumba liingie, akachukua mashine ya kukaushia nywele ya Zawadi, akaanza kulipuliza bomba taratibu kuanzia upande wa koki.

Simu ikaita. Mama.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mbona kelele?”

“Tunahangaika na maji, mama. Yamekatika.”

Akanyamaza kidogo.

“Hata huko? Sasa jana usiku hamkukinga?”