Boneti Ikifunguliwa Kiserian

Gari likizima katikati ya Nairobi, watu wanakupigia honi. Likikataa kuwaka Kiserian, watu wanakuja na maoni. Hapa kwetu kila mtu amewahi kuwa na pikapu ya kubeba mbuzi, au ameshika mlango wa matatu ya 126, au ana shemeji mwenye gereji Rongai, na elimu hiyo haikubali kulala bure.

Langu ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, gia automatiki. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka 8, kwa hivyo lingefika leo bandarini Mombasa lingerudishwa Japani kwa aibu. Bahati nzuri liliingia zamani, likazeekea humu humu nchini kama sisi wengine, na uzee wa aina hiyo bado haujawekewa sheria.

Tena ilikuwa Julai. Kiserian imekaa chini ya Milima ya Ngong, ambayo kilele chake kinafika mita 2,460, na upepo unaoteremka kutoka Corner Baridi unatimiza kila kitu linachoahidi jina hilo. Baridi huifanya oili ya injini kuwa nzito na betri kuwa mvivu, yaani kazi inaongezeka siku ile ile mfanyakazi anapougua. Nikazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zikawaka vizuri, halafu: tk. Nikarudia. Tk. Nikafungua boneti, na hapo ndipo nikapoteza mamlaka juu ya mali yangu.

Wa kwanza kufika alikuwa kijana wa bodaboda. "Mkubwa, hiyo ni plagi." Nikamuuliza amejuaje. "Pikipiki yangu ilifanya hivyo hivyo." Konda mmoja aliyekuwa akielekea steji akasema sina mafuta, na kwamba hii tabia ya kuweka ya mia mbili ndiyo inamaliza magari. Nikamwonyesha geji, iko nusu. Akaitazama kwa huruma. "Geji hudanganya, buda." Kisha akasimama mzee aliyekuwa akipeleka ng'ombe upande wa kichinjio cha Keekonyokie, pale wanapotengeneza gesi kutokana na uchafu wa machinjioni. Yeye hakuangalia injini hata kidogo. Alilizunguka gari polepole, akalikagua ubavu na miguu kwa jicho lile lile la mnadani, akaniambia: "Hii uza ikiwa bado inasimama."

Vijana wakaamua tusukume. Nikawaeleza kwamba automatiki haiwaki kwa kusukumwa, kwa kuwa gia zake zinashikwa kwa nguvu ya oili, na pampu ya oili hiyo inazungushwa na injini yenyewe ambayo imelala. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakasukuma. Gari likatoka pale lilipokuwa na kwenda kusimama katikati ya mdomo wa kichochoro chetu, pale kinapoingia barabara ya Magadi, likakiziba sawasawa.

Fundi naye akaja, hakuna aliyekiri kumwita. Bila salamu ndefu alitoa plagi zote nne akazipanga juu ya gazeti, kisha akachomoa nyundo. Ukiifuata barabara hii hii ya Magadi utafika Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walichimba miaka ya 1940 wakakuta mashoka ya mawe kwa mamia. Nyundo ile naamini ilitoka huko. Lakini nimtendee haki: kugonga stata si ushirikina. Brashi zake za ndani zikiisha au zikinata, kuigonga kidogo huweza kuiamsha kwa siku moja mbili, ukajipange kununua nyingine. Shida ni kwamba hakuna aliyekuwa amethibitisha kuwa mgonjwa ni stata.

Aliyetuokoa alikuja kwa hasira. Dereva wa lori la maji alikuta kichochoro kimefungwa, na ndani kulikuwa na mama aliyelipia tangi zima. Akashuka, akatutazama, akauliza swali ambalo umati wote haukuwa umeuliza.

"Inalia aje?"

Nikamwambia: tk. Kama gari linapiga stata kwa nguvu lakini haliwaki, hapo ndipo pa kutafuta mafuta na moto wa plagi. Tk moja ni habari nyingine; ni ya umeme wa betri au ya stata. Ili kuzitenganisha aliniambia niwashe taa kubwa, kisha nizungushe ufunguo. Zingebaki kali, angeshuku stata. Lakini zilififia mpaka zikabaki na wekundu wa sigara. "Moto haufiki," akasema. Akashika kishikio cha betri upande wa hasi, kikazunguka mkononi mwake. Chini yake kulikuwa na unga mweupe wenye ukijani, mwingi wa kutosha kupikia uji.

Mama wa chai akaleta maji moto, tukaosha, tukasugua kwa msasa hadi risasi ikang'aa. Sasa kukaza. Kukaza kunahitaji spana namba 10, na katika kadamnasi ile yenye wataalamu wa kila fani kulikuwa na spana 12, 13, 14 na hata 17. Kumi ilipatikana kwa mama wa chai, alikuwa ameitumia kuzibia tundu la komeo la kibanda.

Plagi zikarudishwa, gari likawaka mara moja. Fundi akataka kuchomoa waya wa betri injini ikinguruma ili "tupime alteneta". Nikamzuia. Mbinu hiyo ilivumiliwa na Peugeot 504 za kabureta. Gari lenye kompyuta linaweza kuunguzwa nayo. Dereva wa lori alikuwa na mita: ikasoma volti 14.1, yaani alteneta inachaji. Gari likiwa limezimwa, betri nzima husoma 12.6 hivi.

Fundi alinidai kazi ya kutoa plagi, na kazi nyingine ya kuzirudisha. Wa bodaboda alitangaza kuwa alisema mapema, kwa sababu plagi nazo si ni mambo ya moto? Dereva wa lori hakutaka kitu ila njia.

Msomaji, ukilikuta tena pale kwenye kichochoro boneti ikiwa juu, karibu, uliza linalia aje. Kama umekuja na jibu tayari, basi njoo pia na spana namba 10.