Jinsi ya Kufunga Sabufa Lubumbashi Bila Kugombana na Umeme Wala Jirani

Kwanza, subiri umeme. Hatua hii haimo kwenye kijitabu cha sabufa, lakini hapa ndiyo inayotangulia zote. Umeme wa Katanga una asili nyingi: vituo vya Mwadingusha kwenye mto Lufira, N'zilo na Nseke kwenye Lualaba, na Inga, kutoka ambako laini iliyokamilika 1982 huuleta kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi. Umeme ukifika kwako umechoka, taa zikiwaka nyekundu, usiwashe kitu. Nunua stabilaiza kabla ya kutamani sabufa kubwa zaidi.

Zima kila kitu ndipo ushike waya. Nyuma ya amplifaya tafuta tundu lililoandikwa SUB OUT. Waya mmoja wa RCA kutoka hapo hadi kwenye sabufa unatosha. Kwa amplifaya ya zamani isiyo na tundu hilo, pitisha nyaya za bafle (spika) kwenye sabufa, kama ina sehemu ya kuzipokea: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Na dai waya wa shaba tupu. Sokoni upo wa alumini uliopakwa shaba juu. Kwangua kwa kisu, ukiona weupe ndani, rudisha. Mji huu ulijengwa kwa shaba, kwa hiyo alumini ya kujipamba tuikatae hadharani.

Sasa mahali pa kuiweka. Ipe sabufa kiti chako, kile unachokalia wewe baba wa nyumba, piga wimbo wenye besi, kisha tambaa sakafuni kandokando ya kuta. Watoto watacheka. Waache wacheke, endelea kutambaa. Pale utakaposikia besi imeshiba bila kuvuma, ndipo pa kuiweka. Kona huikuza besi, ila mara nyingi huifanya nzito na yenye matope.

Weka kikato (crossover) kwenye hezi 80, sauti nusu, kisha jaribu swichi ya fezi, 0 au 180, ubaki na ile inayoijaza besi. Ikinguruma hata bila muziki, huo ni mlio wa umeme wa hezi 50: chomeka sabufa na amplifaya kwenye soketi moja.

Kipimo chetu kipo nyumbani. Piga “Masanga” ya Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga, iliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Uzi mnene wa gitaa la kawaida ni hezi 82 hivi, kwa hiyo sabufa inatakiwa inong'one tu. Ikipiga kelele hapo, umeifunga vibaya. Kisha weka rumba yenye gitaa la besi, ambalo uzi wake wa chini hufika hezi 41. Hapo ndipo sabufa inapokula mshahara wake, na ukilisikia gitaa hilo likitembea noti kwa noti, umefaulu.

Besi hupenya ukuta kuliko sauti nyingine yoyote. Kabla ya kuongeza, nenda lupango la jirani, piga hodi, sikiliza ukiwa kwake. Na usiku ukiingia, shusha: huenda ana zamu ya alfajiri mgodini.