AC Haitoi Baridi? Soma Kabla Hujampigia Fundi

Hapa mjini AC inaumwa ugonjwa mmoja tu: gesi imeisha. Ikigoma kuwaka, gesi. Ikivujisha maji, gesi. Ikinuka soksi, gesi. Fundi atakutajia ugonjwa huo akiwa bado anapanda ngazi, hajaiona AC yenyewe wala hajajua iko chumba gani. Mwongozo huu ni kwa mkazi wa Kariakoo, Gerezani, Kisutu na Upanga anayetaka AC yake itibiwe kwa utaratibu uliozoeleka, yaani kwa hela nyingi. Asiye na hela hizo naye anaruhusiwa kusoma, mradi asimwambie fundi alikoyapata.

Tuanze na rimoti, chombo ambacho kila mtu nyumbani anajiona bingwa wake. Ina picha nne: theluji, jua, tone la maji na feni. Mtu wa Dar es Salaam theluji ameiona kwenye kalenda yenye Mlima Kilimanjaro, jua analijua tangu alipozaliwa. Akipapasa rimoti gizani, kidole kinaishia kwenye jua. AC haina ubishi. Inaanza kumpulizia joto, mwezi wa pili, wakati nje ni nyuzi 32 na hewa imejaa maji. Usiirudishe kwenye theluji mwenyewe. Mwite fundi. Ataibonyeza yeye huku amekupa mgongo, kisha atakuambia ameongeza gesi kidogo.

Ikisharudi kwenye theluji, weka 16. Ni imani ya mji mzima kwamba 16 inaleta baridi haraka kuliko 24. AC ya kawaida haina gia: kompresa ama imewaka ama imezima. Ukiiwekea 16 inapoza kwa kasi ileile ya 24, ila haipumziki, maana chumba kilicho chini ya zege lililopigwa na jua kutwa nzima hakifiki 16 hata ukikiombea dua. Yenye inveta hupandisha na kushusha kasi, lakini hata hiyo utaikimbiza mpaka adhana ya alfajiri. Weka 24 au 25, washa na pangaboi, utalala. Lakini nani ataamini una AC kama hujajifunika blanketi?

Hapo LUKU inaingia kwenye mazungumzo. AC ya BTU 12,000, ile ya chumba cha kulala, inakula yuniti moja hivi kwa saa kompresa ikiwa kazini. Umeme wa elfu kumi kwa bei ya kawaida ni yuniti 28 hivi, kabla ya kukatwa kodi ya jengo ambayo tangu 2021 nayo inapitia kwenye mita. Kama uko kwenye kundi la nafuu, lile la yuniti 75 kwa mwezi, AC itakutoa humo kabla mwezi haujafika nusu. Na ikizima ghafla saa nane za usiku, usiende kuangalia mita. Mpigie fundi simu, umwamshe, umsimulie jinsi ilivyozima. Atakuja asubuhi, ataingiza namba za LUKU mlizonunua alfajiri, na AC itapona.

Sasa chujio, na hapa naomba tukae kidogo.

Inua kifuniko cha mbele cha ile mashine ya ndani. Hakihitaji bisibisi, na nadhani ndiyo sababu hakuna anayekiinua: kitu kisichotaka bisibisi watu hawakihesabu kuwa ufundi. Ndani mna nyavu mbili nyembamba za plastiki. Kwa nyumba za Kariakoo huwezi kujua kuwa ni nyavu. Utaona zulia la kijivu lenye nyuzi za vitenge na mitumba ya Mtaa wa Kongo, vumbi la barabarani, mvuke wa mafuta ya chipsi uliogandamana, masizi ya jenereta la jirani, nywele kutoka saluni ya chini, na bawa moja la mende. Libonyeze kwa kidole, linabonyea. Hewa yote ya chumbani inatakiwa ipite hapo ikapozwe. Haipiti.

Hewa isipopita, koili iliyo nyuma ya chujio inazidi kuwa baridi mpaka unyevu unaganda juu yake. Barafu inatanda. Wenye nyumba wengi hapo hufurahi, wengine hupiga picha wakatuma kwa ndugu: AC yetu kali, inatoa barafu! Kumbe barafu hiyo imeziba njia ndogo iliyokuwa imebaki. Chumba kinazidi kuwa moto, 16 inashushwa ikiwezekana iwe 10, na asubuhi barafu inapoyeyuka maji yanateremka ukutani kuelekea kwenye soketi ya televisheni. Fundi akifika anakuta ukuta umelowa na mama mwenye nyumba amekasirika. Anatikisa kichwa. Gesi.

Dawa yake ni beseni la maji, sabuni ya unga kiasi na dakika kumi. Zima AC, iache barafu yote iyeyuke, osha chujio, likaushe kivulini, lirudishe. Kwa vumbi la Kariakoo fanya hivyo kila baada ya wiki mbili. Kama una cheo ofisini, mtume mtoto aoshe, mradi lioshwe.

Maji ya AC yanavunja ujirani kuliko kelele za muziki. Kwa unyevu wa Dar es Salaam, AC moja ya chumbani inaweza kujaza ndoo kwa usiku mmoja. Maji hayo yanatakiwa yashuke kwenye mpira mwembamba unaotoka nje. Mpira ukiziba kwa ute na vumbi, yanarudi ndani. Fundi akiupandisha juu kidogo ili upite vizuri kwenye kona, yanarudi ndani vilevile, kwa kuwa maji ya Kariakoo hayajaanza kupanda mlima. Na mpira ukiwa mzima kabisa unaning'inia juu ya Mtaa wa Aggrey, ukidondosha tone baada ya tone kwenye meza ya kijana anayeuza kava za simu.

“Dada wa juu! Unatunyeshea huku!”

“Hamisha meza, kaka!”

“Nihamie wapi? Pale kuna AC ya Mama Salma!”

Mwenye busara huweka dumu chini ya mpira, akapata maji ya kudekia. Mpira ulioziba huvutwa au hupulizwa kwa mashine kutoka upande wa nje. Usitumie mdomo. Najua utatumia.

Sasa tumefika kwa fundi mwenyewe. Amekuja na geji yake yenye mipira ya rangi, mtungi begani na kijana wa kumshikia ngazi. Ameunga geji, ameitazama kwa huzuni.

“Bosi, gesi imeisha.”

“Imekwenda wapi?”

Muulize hilo, kisha nyamaza. AC si jiko. Gesi yake haiungui. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyozibwa, inabeba joto la ndani kulipeleka nje, inarudi kuchukua lingine, na inaweza kufanya hivyo miaka yote ya uhai wa mashine bila kuongezwa hata kidogo. Ikipungua kuna mahali inavuja, mara nyingi kwenye nati za maungio, na penye kuvuja huwa na alama ya mafuta. Povu la sabuni linatosha kupaona. Fundi anayejaza bila kutafuta panapovuja amekupangia tarehe ya kuonana tena, na ataiweka karibu na mshahara wako.

Ukitaka kumtia jasho, mwombe mizani. Kariakoo nzima inapima: dagaa wanapimwa, karafuu zinapimwa, vyuma chakavu vya Gerezani vinapimwa mpaka msumari wa mwisho. Gesi ya AC peke yake, ambayo ubavuni mwa mashine ya nje imeandikwa aina yake na uzito wake kwa gramu, inajazwa kwa kusikiliza. Fundi anagusa bomba, anafumba macho, anasema imetosha. Aina nazo haziingiliani. R22 ni ya zamani na inaondolewa duniani polepole chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. R410A na R32 haziigusi ozoni, lakini zinapasha dunia joto, na hapa jirani, Kigali, nchi zilikubaliana mwaka 2016 kupunguza gesi za jamii hiyo. R410A ina mgandamizo mkubwa kuliko R22, na R32 inaweza kushika moto. Fundi wako ana mtungi mmoja. Muulize ni ya aina gani, atakujibu: “Ya AC.”

Kuna na ugonjwa wa umeme kurudi. Umekatika saa mbili usiku, umerudi saa tatu, mtaa mzima umeshangilia, na kila mwenye rimoti ameibonyeza kwa wakati mmoja. Kompresa iliyozimwa ghafla inahitaji dakika tatu hivi ili mgandamizo wa ndani ulingane ndipo iwake tena, na mashine nyingi zinajichelewesha zenyewe makusudi. Wewe huoni baridi katika dakika hizo, basi zima, washa, zima, washa. Tena umeme wenyewe ni mdogo, haujafika 230 wala hauna haraka ya kufika, kwa hiyo kompresa inavuma, inagonga, inakata. Hukumu ya fundi: kompresa imekufa, nunua nyingine. Mara nyingi kilichokufa ni kapasita, kikopo cha rangi ya fedha ambacho bei yake haifiki hata robo ya kompresa. Hapa kejeli naiweka pembeni: kikopo hicho kinatunza umeme hata baada ya swichi kuzimwa, na kinaweza kukutupa. Usikiguse. Mwambie fundi akipime mbele yako kwa mita kabla hajatamka neno kompresa. Na gadi ya kulinda umeme nunua mapema, kabla ya kifo cha kwanza.

Ikiwa yote hayo ni salama na bado chumba ni moto, chungulia nje. Mashine ya nje kazi yake ni kutupa joto, na kwenye vichochoro vya maghorofa yetu zimefungwa ishirini zikitazamana, kila moja ikivuta joto lililotupwa na mwenzake. Yako pengine imezibwa na bango la duka na maboksi matatu. Kabla ya ghorofa, kiwanja kilekile kilikuwa na nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, upepo ukipita bila LUKU. Msanifu majengo Beda Amuli naye, alipobuni Soko la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, aliliezeka kwa paa la miavuli ya zege, hewa ikiingia pande zote na maji ya mvua yakikusanywa. Sisi tumejenga vioo vinavyotazama magharibi, halafu tunamlaumu fundi. Ondoa maboksi. Bango nalo lisogezwe, hata kama mwenye duka atanuna.

Ikishindikana kabisa, nunua nyingine, na usinunue BTU 9,000 ya sebule ya watu kumi kwa sababu ilikuwa na punguzo. Muuzaji atakutajia bei mbili, ya risiti na isiyo na risiti. Chukua yenye risiti. Waranti ya miaka miwili uliyoahidiwa kwa mdomo inaishia pale mlangoni, na fundi wa duka akija bila waranti atakuambia maneno unayoyajua.