Rangi Juu ya Maji

Masika yakishika Unguja, nguo zangu huota manyoya. Fungua kabati langu mwezi wa Mei ujionee: kanzu ya Ijumaa ina vidoadoa vyeusi kolani, mkanda wa ngozi umejaa unga wa kijani, na viatu vya kuendea harusini hata mimi mwenyewe sikumbuki vilikuwa na rangi gani. Juzi nilisimama safuni na kanzu hiyo, na mzee aliyekuwa ubavuni kwangu akapiga chafya tangu ikama hadi salamu. Tulipotoka akaniuliza, kwa upole kabisa, siku hizi nalala ghala gani.

Silali ghalani. Nalala Mji Mkongwe, mahali ambapo watalii hupiga picha ukuta wangu kwa nje na kusifu jinsi ulivyochakaa kwa uzuri. Hakuna hata mmoja aliyeomba kuupiga kwa ndani.

Kila nikilalamika, mwenye nyumba huleta fundi, na fundi huleta ndoo ya rangi. Rangi ya mafuta, ile inayong'aa. "Ukuta mpya huo, mwanangu," huniambia, na mwezi unaofuata kodi nayo huwa mpya. Mwezi haujaisha, rangi imefura malengelenge. Ukilitoboa moja kwa ukucha, hutoka maji, kisha chumvi nyeupe, kisha mchanga, na ukiendelea nadhani utamkuta jirani.

Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Ukuta mnene namna hiyo hunywa maji wakati wa mvua na kuyatoa taratibu jua likiwaka, mradi usizibwe. Wazee wakiupaka chokaa mara kwa mara. Chokaa hupitisha mvuke, na ikiwa mbichi ni kali, ukungu hauistahamili. Sisi wajuzi tumeukandika saruji kwa nje na mafuta kwa ndani. Maji yaliyokwisha kuingia yatokee wapi? Yanatokea kwangu, nyuma ya kabati, penye baridi na pasipo upepo.

Na yanaingilia wapi? Hilo halitaki mhandisi. Mlizamu wa paa umetoboka, mvua yote inateremkia ukutani. Nilimpandisha mwenye nyumba juu nikamwonesha kwa kidole. Akautazama kwa makini, akasema: "Mvua zikikatika tutaushughulikia." Mvua zikikatika mlizamu hauvuji, kwa hiyo hakuna cha kushughulikia.

Washauri ndio sina uhaba nao. Shangazi kaleta udi. Sasa chumba kinanuka uvundo wa kifahari. Jirani kaniambia nisugue kwa jiki iliyochanganywa na siki, "ili iwe na nguvu." Nguvu inayo, ya kumuua msuguaji: viwili hivyo vikikutana hutoa hewa ya klorini inayoziba pumzi. Hata jiki peke yake juu ya ukuta ulioloa hufanya doa kuwa jeupe tu. Maji yamo, na doa hurudi. Mwengine kanishauri niupige ufagio mkavu, yaani nichukue vumbi la ukungu lililotulia ukutani nilitie mapafuni mwa watoto. Mie napangusa kwa kitambaa cha maji na sabuni, pua nimeifunga, kisha nakausha.

Kabati nimelivuta mbali na ukuta, upana wa kiganja, hewa ipite nyuma yake. Lakini upana wa vyumba hivi ni urefu wa boriti ya mkoko, basi kiganja nilichompa ukungu nimekatwa mimi: kitandani naingia ubavu ubavu kama kaa. Na humu ndani usiseme. Nguo za watoto huanikwa kwenye kamba juu ya vichwa vyetu, sufuria ya maharage huchemka bila kifuniko, madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu, na pangaboi halizunguki kwa kuogopa bili ya umeme. Nikisema tufungue japo mvua inapopumzika, naambiwa basi nikalale nao mimi hao mbu.

Jana mwenye nyumba kanipigia simu, sauti imejaa furaha, kuniuliza mwaka huu nataka rangi gani. Nimemwambia kijani, yenye vidoadoa vyeusi, fundi asijisumbue kurudi mara ya pili.