Gundi ya Zulia na Elimu ya Majirani

Gundi ya zulia, yaani ile inayopakwa sakafuni ili zulia linalotandazwa chumba kizima lisijikunje, ina sifa moja ambayo mwenye nyumba huitambua akiwa amekwisha kuchelewa: zulia lililogharimu fedha nyingi huchakaa, hufifia na hatimaye hung'olewa asubuhi moja bila ubishi, ilhali gundi, ambayo haikutajwa hata katika bajeti, hubaki juu ya vigae ikiwa imara kuliko siku ilipopakwa, ikikusanya vumbi, nywele na ndala za wageni.

Hatua ya kwanza ya tiba huwa ni kisu cha jikoni, ambacho huchukuliwa bila idhini ya mpishi. Kisu huondoa gundi kidogo, kisha huacha mistari ya kijivu ambayo mwenye nyumba huidhania kuwa michubuko ya kigae, akahuzunika bure, kwa sababu tabaka la kioo linalochomewa juu ya kigae tanuruni aghalabu huwa gumu kuliko chuma cha kisu. Kilicholika, basi, ni kisu chenyewe, na mistari ile ni masalia yake, jambo ambalo mpishi huligundua jioni anapojaribu kukata nyanya.

Hatua ya pili ni kutafuta ushauri, na hapo ndipo elimu ya majirani hufurika. Wa kulia huapia maji ya moto, wa kushoto huapia mafuta ya taa, fundi rangi apitaye hupendekeza thina, yaani kiyeyushi cha kuzimulia rangi, na mama mkwe, ambaye hakuulizwa, huleta siki. Ajabu ni kwamba karibu wote husema kweli, ila kila mmoja huisema kuhusu gundi ya kwake. Gundi ya maji, ambayo chembe zake za mpira au plastiki huelea majini kabla ya kukauka, mara nyingi hulainika kwa maji ya moto na sabuni. Gundi ya mpira, jamaa ya ile ya mafundi viatu, huyadharau maji lakini husalimu amri kwa thina. Nayo gundi nyeusi ya lami katika majengo ya zamani huenda ikawa na asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, hivyo haipaswi kukwanguliwa ikiwa kavu. Siki, isiyo na uwezo mkubwa juu ya gundi hizo, ina bidii ya kutisha juu ya marumaru halisi, kwa kuwa asidi yake hula mawe ya jamii ya chokaa na kuyaondolea mng'ao.

Hata dawa sahihi hushindwa kwa haraka ya mpakaji. Kiyeyushi kikimwagwa wazi huruka hewani kabla hakijapenya, kikaiacha gundi palepale na kukizungusha kichwa cha mtumiaji. Na mvuke wa thina, ambao ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa la chumba cha pili, na vikikutana hakuna anayecheka. Busara ni kufungua madirisha, kuzima kila moto, kulaza kitambaa kilicholoweshwa juu ya gundi, kukifunika kwa nailoni na kwenda kunywa chai kwingine mpaka gundi ilegee, kisha kuikwangua kwa kikwanguo cha plastiki na kuifuta, kwa maana gundi iliyoyeyushwa bila kufutwa haijaondoka, bali imehamia kigae kinachofuata.

Hayo yote yangejulikana mapema endapo kila dawa ingejaribiwa kwanza kwenye kona iliyo nyuma ya kabati, ambayo ndiyo maabara pekee ya nyumba ya kawaida: dawa ikifaulu, hutumika chumba kizima, ikiharibu kigae, kabati hurudishwa mahali pake, na mama mkwe hushukuriwa kwa siki yake.